Tiketi inasema masaa saba, kumbe ni kumi na tano

Karibuni tena kwenye ukurasa wetu wa maswali ya safari. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, mtu anapanda ndege hapa uwanja wa Nairobi, Embakasi, anaenda mji wa mbali sana na hajui atakaa angani muda gani wala atafika saa ngapi. Mama wa kwanza nimempa nafasi kubwa manake alichouliza kinawagusa wazazi wengi sana wa Nairobi sai, wale watoto wao wako ng'ambo.

SWALI: Habari ya kazi. Mimi ni mama wa miaka 63, nakaa Umoja, sijawahi kupanda ndege hata ya kwenda Mombasa. Binti yangu yuko New Jersey, jirani na New York, amejifungua, na amenitumia tiketi ya ndege ya moja kwa moja mpaka New York mwezi wa kwanza. Tiketi imeandikwa naondoka 23:25 nafika 06:25. Shemeji yangu amepiga hesabu akaniambia ni masaa saba tu, kama kwenda Kisumu na basi. Binti anasema ni kumi na tano. Kijana wa jirani ameangalia kwa simu akasema ni kilomita elfu kumi na moja na mia nane. Nimwamini nani? Na kama ni kumi na tano, hayo masaa mengine nane yameenda wapi? Halafu natumia dawa ya presha kila siku saa moja asubuhi.

JIBU: Mama, kwanza hongera sana kwa mjukuu. Binti yako ndo amesema kweli, na kijana wa jirani pia amesema kweli, shemeji ndo amekosea lakini usimlaumu, kosa lake ni kosa ambalo karibu kila mtu anafanya mara ya kwanza.

Tiketi haiandiki muda wa safari kwa kutoa saa moja kwa nyingine, tiketi inaandika saa ya ukutani ya kila mji. Hiyo 23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku, saa ya Nairobi. Hiyo 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, lakini ni saa ya New York, na New York mwezi wa kwanza iko nyuma yetu masaa 8. Kwa hivyo siku hiyo ndege ikigusa chini kule, saa ya ukutani kwako Umoja itakuwa saa nane na dakika 25 mchana. Sasa hesabu kwa vidole kutoka saa tano na dakika 25 usiku mpaka saa nane na dakika 25 mchana, utapata kumi na tano kamili. Ukienda mwezi wa sita ungetoa 7 badala ya 8, kwa sababu Marekani wanasogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa 11, sisi huku hatusogezi kitu mwaka mzima.

Wakati wa kurudi utaona kinyume chake na usishtuke. Tuseme tiketi ya kurudi imeandikwa unaondoka 12:25 mchana na unafika 10:55 asubuhi ya kesho yake. Kwa macho hiyo ni masaa 22 na nusu, mtu anaanza kulia kabla hajapanda, lakini ukitoa yale 8 inabaki 14 na nusu. Masaa hayajapotea popote mama, ulikopeshwa wakati wa kwenda na unayarudisha wakati wa kuja.

Sasa twende kwa hizo kilomita. Hii njia ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways na Boeing 787-8 Dreamliner, kabla ya hapo ilikuwa lazima ushuke njiani, kama Ulaya au Uarabuni, ubadilishe ndege. Umbali ni kilomita 11,800 na kidogo. Huo umbali unapimwa juu ya tufe si juu ya ramani ya ukutani na hapa ndo napenda kila mtu ajaribu na mkono wake. Chukua lile tufe la dunia la shule, shika uzi, weka ncha moja Nairobi na nyingine New York halafu uvute ukaze. Uzi hautaenda mahali unapodhani. Utapanda kaskazini-magharibi upite juu ya Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, utoke baharini kule Morocco ndo uvuke Atlantiki. Chukua sasa rula uweke kwenye ramani bapa ya darasani, rula itakupitisha Nigeria na Mali, na jicho litakuambia hiyo ndo fupi, lakini jicho limedanganywa na karatasi, dunia haijalala bapa. Nilifanyia wajukuu wa dada yangu hii kitu mezani, mdogo akaukata uzi pale New York na kisu cha siagi akaulaza juu ya rula ya ramani, akakaa kimya anaangalia. Siku hizi ukiwasha ile skrini ya kiti utaona kandege kadogo kanachora upinde na jirani yako atasema rubani anazunguka. Hazunguki. Marubani wanaenda karibu na huo uzi, wakiupinda kidogo kwa ajili ya upepo na nchi zenye vita.

Dreamliner ikiwa juu inaenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,800 kwa 900 unapata masaa 13 na dakika chache. Hayo mengine karibu mawili yanatoka wapi? Muda wa safari unahesabiwa kutoka ndege inapoacha geti mpaka inapofika geti lingine, kwa hivyo kutembea chini, kusubiri foleni ya kupaa, kupanda taratibu, kuteremka taratibu, yote yamo. Kisha kuna upepo ambao nitaueleza kwa swali linalofuata. Pia kiwanja chetu kiko juu, mita 1,624 kutoka usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kwa hivyo ndege iliyojaa mafuta ya masaa 15 inahitaji kukimbia sana ndo ipate kuinuka, barabara yetu ya kurukia ni zaidi ya kilomita nne na bado jua kali la mchana lingeongeza kazi. Kuondoka usiku kukiwa na baridi kunaisaidia ndege.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu atakuambia. Utapanda kukiwa giza, na kwa vile unakimbia upande wa magharibi unalikimbia jua, kwa hivyo usiku hautaisha. Huku Nairobi jua linazama saa kumi na mbili na nusu jioni, New York mwezi wa kwanza linachomoza saa moja na kitu asubuhi saa zao, ukijumlisha na yale masaa 8 ni usiku wa karibu masaa 21. Utalala, utaamka, utafungua kidirisha, giza. Utalala tena, utaamka, giza. Wazee wengi wanaogopa hapo, wanadhani kuna shida. Hakuna shida mama, ni usiku mmoja tu mrefu.

Na hiyo dawa ya presha. Nunua saa ya mkono ya bei rahisi uiache na saa ya Nairobi, usiiguse mpaka urudi. Kabla ya kusafiri mwone daktari wako na karatasi umeandika hizi saa zote mbili, yeye ndo akuambie ile ya saa moja asubuhi utaimeza ukiwa angani kwa saa ya Nairobi au utasubiri, na kule utahamia saa gani. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloenda chini. Na usikae masaa 15 kama mtu ameshonwa kwa kiti, inuka, tembea mpaka nyuma, kunywa maji, miguu inavimba.

SWALI: Mimi ni wa form three, Kangemi. Mwalimu ametuambia dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa hapa kwa ikweta. Sasa ndege ikienda magharibi si New York ingekuja yenyewe kukutana nayo? Mbona kwenda ndo kunachukua muda mrefu kuliko kurudi?

JIBU: Kijana wangu swali lako ni zuri sana na usiache kuuliza hivyo. Jibu ni kwamba hewa pia inazunguka pamoja na dunia. Fikiria nzi amefungiwa ndani ya matatu Thika Road, madirisha yote yamefungwa, matatu inaenda 80. Nzi akiruka kutoka kwa dereva kwenda kiti cha nyuma hagongwi na kioo cha nyuma, anaruka tu polepole kama yuko jikoni kwenu, kwa sababu hewa anayorukia inaenda na matatu. Ndege iko hivyo hivyo. Hata ikiwa imesimama Embakasi tayari inazungushwa na dunia kwa hiyo kasi ya mwalimu wako.

Kinacholeta tofauti ni hewa inapojisogeza yenyewe zaidi ya dunia. Huko juu, kilomita 9 mpaka 12, mahali ndege kubwa zinapita, kuna mito ya upepo mkali inayokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi inapita kilomita 160 kwa saa na kuna siku inapita 300, na msimu wa baridi ndo inakuwa kali zaidi. Inatokana na joto la huku kwetu kukutana na baridi ya ncha ya dunia, na huko kuzunguka kwa dunia ndo kunaupinda upepo uelekee mashariki, kwa hivyo ulichodhani hakihusiki kinahusika lakini kwa mlango wa nyuma. Ukienda New York sehemu ya Atlantiki inakupiga usoni, ukirudi inakusukuma mgongoni. Ndo maana kwenda 15 na kurudi 14 na kidogo.

SWALI: Mimi ni dereva wa teksi, stendi yangu iko karibu na Pipeline. Mwaka huu pekee nimebeba wateja mara tatu tukafika uwanjani wakaambiwa ndege yao iliondoka jana. Si kuchelewa dakika, ni jana! Tafadhali andika kitu.

JIBU: Ndugu yangu nashukuru umeuliza maana hili liko moyoni mwangu miaka mingi. Nilikaa dawatini nikikata tiketi hapa mjini kabla sijaanza kuandika, na kuna familia moja kutoka upande wa Machakos nilikatia kijana wao tiketi ya kwenda kusoma. Iliandikwa tarehe 14, saa 00:35. Sikuwaeleza, nilidhani wanajua. Tarehe 14 jioni wakakodi matatu mbili, wazee, kina mama na vitenge vyao, kuku wa kuchoma kwenye hotpot, mchungaji akaomba pale parking kijana amepiga magoti juu ya lami amevaa suti mpya ina alama ya pasi mgongoni. Saa tatu usiku wakaingia, wakaambiwa hiyo ndege ilipaa usiku uliopita. Mama yake alikaa chini pale pale kwenye kerbu. Ile sauti ya simu aliyonipigia baba yake sijaisahau, hakunitukana hata kidogo, aliniuliza tu, "Sasa tarehe kumi na nne ni gani?"

Kwa hivyo nisikilizeni wote. Tarehe ya tiketi inabadilika saa sita usiku. 00:35 ya tarehe 14 ni saa sita na dakika 35 usiku, dakika 35 tu baada ya tarehe 13 kuisha. Unatoka nyumbani tarehe 13 jioni. Kiswahili chetu kina neno lake tayari, usiku wa kuamkia, na hilo ndo mseme, "nasafiri usiku wa tarehe 13 kuamkia 14". Wazee wa Pwani hawapotei hapa kirahisi maana kwao siku inaanza jua likizama, akikuambia usiku wa Ijumaa anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Sisi wa bara ndo tunachanganyikiwa kwa sababu tunaona siku inaanza tukiamka.

Wewe dereva uko na nafasi kubwa kuliko mimi. Mteja akikupigia kukuwekea siku na ndege ni ya saa sita, saba, nane, tisa usiku, mwambie akutumie picha ya tiketi. Saa yoyote inayoanza na 00, 01, 02 au 03, muulize mara mbili. Na ndege za kimataifa wafike masaa matatu mapema, kwa hivyo hiyo ya 00:35 unamfikisha uwanjani saa tatu na nusu usiku, tarehe ya nyuma, na kama ni Ijumaa mwisho wa mwezi ongeza saa nzima ya foleni ya Mombasa Road.

SWALI: Kaka yangu anaenda London kila mwaka tangu 2015. Anasema zamani ilikuwa inachukua muda mfupi kuliko sai, ni kweli au ni uzee? Rongai.

JIBU: Si uzee. Nairobi na London ni kilomita 6,800 na kitu, masaa kama 8 na nusu hadi 9. Ukivuta ule uzi wetu unapita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya. Vita vya Sudan vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023 anga ya Sudan ikafungwa, na ndege za Nairobi kwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka pembeni. Sudan ni nchi kubwa, kuizunguka si kama kuzunguka raundabauti. Wenzetu wengine wameumia zaidi, Helsinki kwenda Tokyo ilikuwa masaa 9 na kitu ikipitia juu ya Urusi, tangu anga ya Urusi ifungiwe ndege za Ulaya Februari 2022 ikawa kama 13. Miji haijasogea hata mita moja. Kwa hivyo mtu akikuambia "mwaka ule nilienda kwa masaa kadhaa" usiitumie kupanga ya leo, angalia tiketi ya leo.

SWALI: Mbona ndege haziongezi kasi? Simu zinakuwa haraka kila mwaka, ndege bado ni zile zile. South B.

JIBU: Kasi ilikuwepo tukaiacha. Ndege ya Concorde, iliyokuwa inapita kasi ya sauti, ilikuwa inatoka London mpaka New York kwa masaa 3 na nusu hivi, na tarehe 7 Februari 1996 moja ilitoka New York ikafika London kwa masaa 2, dakika 52 na sekunde 59. Ikastaafu 2003. Ilikuwa inakunywa mafuta vibaya sana, tiketi yake ilikuwa ya matajiri, na ule mshindo mkubwa unaosikika chini ndege ikipita kasi ya sauti uliizuia kukimbia hivyo juu ya nchi kavu. Makampuni yakachagua ndege zinazoenda mbali kwa mafuta kidogo badala ya zinazoenda mbio. Ndo maana leo unaweza kukaa ndege moja kutoka Singapore mpaka New York, kilomita 15,300 hivi, masaa 18 na zaidi, bila kushuka. Mimi naona walichagua vizuri, ile Concorde isingewahi kumpeleka mama wa Umoja kuona mjukuu.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mzee wa Karen, nina watoto wawili, mmoja New York mmoja Sydney. Nataka kujua Sydney ni mbali kuliko New York, na ni saa ngapi naweza kuwapigia wote wawili pamoja bila kumwamsha mtu.

JIBU: Marahaba mzee wangu, ingawa kwa umri ni mimi napaswa kukuamkia. Ukienda na uzi Sydney iko mbali kidogo tu kuliko New York, kilomita 12,100 na kitu. Lakini hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka hapa, kwa hivyo ukipitia Dubai kwa mfano unapanda kwanza kaskazini kilomita 3,550, halafu unashuka karibu 12,000 nyingine, jumla zaidi ya 15,500, na masaa ya kungoja katikati. Kwa safari yako tenga siku nzima na usiku wake.

Kuhusu simu umebahatika. New York iko nyuma yetu masaa 7 au 8, Sydney iko mbele yetu 7 au 8, Nairobi iko katikati kabisa. Sydney wanaongeza saa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne, ndo wakati huo wanakuwa mbele kwa 8. Piga saa nane mchana ya Nairobi. Mwezi wa sita wa New York atakuwa saa moja asubuhi anakunywa chai, wa Sydney saa tatu usiku ameshakula. Mwezi wa kwanza wa New York itakuwa saa kumi na mbili asubuhi na wa Sydney saa nne usiku, hapo msiongee sana, mmoja anaamka na mwingine anataka kulala.